Kimya cha kitambuzi si ushahidi

Katika makala haya natetea jambo moja. Mwanafunzi wa isimu anayetumia programu kuchanganua au kuhesabu maneno hana haki ya kuandika kwamba programu yake haina kasoro mpaka kwanza awe amekijaribu chombo kilichomwambia hivyo. Najua sentensi hii ina harufu ya kitivo cha jirani. Baadhi ya wenzangu watasema kwamba mambo ya kompyuta yana wenyewe, na kwamba sisi tulikuja hapa kusoma ngeli, toni na fasihi simulizi. Nawaomba wavumilie kidogo. Kazi ya kukijaribu kitambuzi tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza, ila kwa jina jingine.

Tuanze na tatizo lenyewe. Vyombo vingi vinavyotusaidia vimeandikwa kwa lugha za C na C++. Ndivyo ilivyo Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo kila mwanafonetiki anaijua. Ndivyo ilivyo foma ya Mans Hulden, inayotumiwa kujengea vichanganuzi vya mofolojia, na HFST ya Chuo Kikuu cha Helsinki. Maandishi ya mwandishi wa programu hupitishwa kwanza kwa mfasiri anayeitwa kompaila, naye huyageuza yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kazi kuanza. Katika lugha hizo mbili mwandishi mwenyewe ndiye anayeomba kumbukumbu ya mashine na ndiye anayepaswa kuirudisha. Katika C huiomba kwa amri inayoitwa malloc na kuirudisha kwa amri inayoitwa free. Akiomba bila kurudisha, wataalamu husema kumbukumbu inavuja.

Kama mwanaisimu, sipendi sana neno hilo. Maji yakivuja hutoka ndani ya mtungi yakaenda zake. Hapa hakuna kinachotoka: kumbukumbu imebaki ndani ya mashine, lakini imeshikwa na mtu asiyejulikana, hakuna anayeweza kuitumia wala kuirudisha. Mfano wa maktaba ya kitivo unafaa zaidi. Kitabu kimetoka rafuni, na kadi yenye jina la aliyekiazima imepotea. Kitabu hakijachomwa moto, kiko mahali fulani mjini, ila kwa maktaba hakipo tena. Katika programu, kadi hiyo ni kielekezi, yaani namba inayoonyesha mahali kipande cha kumbukumbu kilipo. Kielekezi cha mwisho kikifutika kabla ya kurudisha, kipande kile kimepotea hadi programu ifungwe.

Kwa nini tujali? Tupige hesabu. Tuseme kichanganuzi kinaacha baiti 1,000 kila kinapomaliza neno moja. Ukikijaribu kwa sentensi 200, hutaona chochote. Mpe maneno milioni moja, na karibu gigabaiti moja imekwenda. Kwenye kompyuta ya gigabaiti nne, ambayo nusu yake tayari imeshikwa na mfumo na programu nyingine, safari inaishia karibu na neno la milioni mbili. Mfumo wa Linux ukiishiwa kumbukumbu huchagua programu ya kuua, mara nyingi ile inayokula zaidi, na huiua papo hapo bila kuipa nafasi ya kuaga. Faili la matokeo linabaki na yale yaliyokwisha kuandikwa. Ikiwa hatua inayofuata ni programu nyingine ya kuhesabu, itahesabu kilichopo bila kunung'unika. Mwanafunzi anapata jedwali safi la marudio ya viambishi, analiweka katika sura ya nne, na kumbe sehemu ya mwisho ya kopasi yake haikuguswa kabisa.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi na kuwa letu. Kopasi ikiwa imepangwa kwa mji, rekodi za Lubumbashi zikatangulia na za Bukavu zikafuata, mashine itakufa ikiwa Bukavu. Mtafiti ataandika kwamba umbo fulani ni adimu Bukavu. Atatoa hata sababu za kijamii. Hakuna aliyedanganya, lakini tumeandika uongo kuhusu lugha ya watu. Katiba ya 2006 inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kwa lugha hizi maandishi yaliyokusanywa ni machache kuliko ya Kifaransa, kwa hiyo kila kipande kinachopotea kimya kimya kinatuumiza zaidi.

Dawa inajulikana. Ziko programu zinazotambua mivujo. Ninazozijua kwa kuzitumia ni mbili. Ya kwanza ni Valgrind, iliyoanzishwa na Julian Seward na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Jina lake ni la lango la Valhalla katika visa vya kale vya watu wa Skandinavia. Valgrind huiendesha programu ndani yake na kufuatilia kila ombi la kumbukumbu, tena bila kuikompaili upya, lakini kwa gharama kubwa ya muda: programu huenda polepole mara 10 hadi 30. Kazi ya dakika kumi inaweza kuchukua saa tano, na kila anayesoma hapa anajua ni mara ngapi umeme unaweza kukatika katika saa tano. Ya pili ni LeakSanitizer, inayotembea pamoja na AddressSanitizer, kazi ya wahandisi wa Google. Hii huingizwa wakati wa kukompaili, kwa GCC au Clang, na haipunguzi mwendo kiasi hicho. Zote mbili hazilipiwi hata faranga moja.

Mazoea ni haya: mtu anaendesha kitambuzi, kitambuzi hakisemi neno, naye anaandika kwamba hakuna mvujo. Hapo ndipo ninapopinga. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha kitambuzi kinaweza kuwa na maana tatu. Huenda kweli hakuna mvujo. Huenda upo na kitambuzi hakiwezi kuuona. Au huenda kitambuzi hakikufanya kazi kabisa, kwa sababu kimepangwa vibaya au programu imekufa kabla ya ripoti kutolewa. Kwa masikio, vimya vitatu hivi ni kimoja. Njia ya kuvitenganisha ni kumpa mvujo unaoujua, uliouweka wewe mwenyewe kwa makusudi, na kuangalia kama atalia.

Je, hilo si jambo tunalolijua? Tunapotaka kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili, tunaweka "pata" kando ya "bata", maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Tunapotaka kujua mpaka wa sarufi, tunatunga kwa makusudi sentensi mbovu, tunaiwekea nyota, na kuiweka chini ya ile nzuri. "Kitabu kimeanguka" peke yake haitufundishi chochote kuhusu upatanisho. Ni pale tunapoandika "*Kitabu limeanguka" na msemaji akakunja uso ndipo kanuni inapoonekana. Kukijaribu kitambuzi cha mivujo ni kazi hiyohiyo. Unaandika programu mbili ndogo zinazotofautiana kwa mstari mmoja: moja inarudisha kumbukumbu, nyingine hairudishi. Kitambuzi kizuri kinanyamaza kwa ya kwanza na kulia kwa ya pili. Kikinyamaza kwa zote mbili ni kiziwi, na kikilia kwa zote mbili ni mlalamishi tu. Jozi pinzani na nyota tunazo, wala hatuhitaji kuziazima kwa mtu.

Mwaka huu wenzangu wawili nami tulifanya zoezi hilo kabla ya kukitumia kichanganuzi kimoja cha maneno ya Kiswahili kilichoachwa katika kompyuta za maabara na waliotutangulia. Tuliandika jozi kadhaa za programu fupi za C, hakuna iliyozidi mistari thelathini. Sitazieleza zote, nitataja zile zilizotufundisha kitu.

Jozi ya kwanza ilikuwa nyepesi, na vitambuzi vyote viwili vilijibu sawasawa. Ya pili ilikuwa mnyororo: vipande vitatu vya kumbukumbu, cha kwanza kina kielekezi cha cha pili, na cha pili kina kielekezi cha cha tatu. Tulipokipoteza kichwa cha mnyororo, Valgrind ilitaja kipande kimoja kuwa kimepotea hakika na viwili kuwa vimepotea kwa sababu ya kingine. Kwa lugha ya maktaba, kadi za vitabu viwili zilikuwa zimechomekwa ndani ya kitabu kilichopotea. Kipambanuzi hiki ni cha thamani, maana kinakuambia uanzie wapi: ukikirudisha kichwa vizuri, mengine hufuata.

Jozi ya tatu ilitushangaza. Programu yenye mvujo ilipokompailiwa kwa kiwango cha juu cha ukamilishaji, kitambuzi kilinyamaza. Tulidhani kimeshindwa. Kumbe kompaila ilikuwa imeona kwamba kumbukumbu ile inaombwa lakini haitumiki popote, ikaliondoa ombi lenyewe. Mvujo tulioupanda uling'olewa na mfasiri kabla ya kufika shambani. Anayekijaribu kitambuzi bila kujua hili atakihukumu bure. Ni lazima kumbukumbu itumike kidogo, iandikwe kitu na kusomwa, ili mfasiri asiifute. Mwanafunzi wa tafsiri hatashangaa: mfasiri yeyote anayejali ufupi huacha maneno anayodhani hayana kazi.

Kuna hatari nyingine ya aina hiyo. Kitambuzi hutafuta vielekezi kwa kupekua kumbukumbu nzima na kuuliza kama namba hii inafanana na anwani ya kipande fulani. Hakiwezi kujua kwa yakini kama namba ni anwani au ni hesabu tu. Wakati mwingine anwani ya zamani hubaki katika kona ambayo programu haiitumii tena, na kitambuzi, kwa uangalifu wake, hukubali kwamba kipande bado kinafikika. Kwa hiyo mvujo mmoja uliopandwa hautoshi. Tulipanda mia moja kwa mzunguko na kuhesabu vilivyokamatwa, tukijua kwamba kimoja kinaweza kujificha nyuma ya kadi kuukuu.

Sasa nije kwenye jozi iliyokuwa na uzito kuliko zote. Tuliandika programu inayoweka kila neno katika orodha kubwa, na orodha hiyo haipunguzwi kamwe. Kielekezi cha orodha kipo hadi mwisho. LeakSanitizer haikusema kitu. Valgrind iliweka kila kitu katika kundi la kumbukumbu ambayo bado inafikika, kundi ambalo kwa mipangilio ya kawaida halielezwi kwa kina. Kwa maana yao, hakuna mvujo: kadi zote zipo. Lakini fikirieni mhadhiri mmoja aliyeazima vitabu mia tatu, kila kimoja na kadi yake iliyojazwa vizuri, na hakurudisha hata kimoja kwa miaka. Daftari la maktaba ni safi, na rafu ni tupu.

Tulipogeukia kichanganuzi chenyewe, ndicho tulichokikuta. Vitambuzi vyote viwili vilikipa cheti. Hata hivyo tulipokilisha maneno 1,000, kisha 10,000, kisha 100,000, kilele cha kumbukumbu kilipanda kila mara. Kilikuwa kinakumbuka uchanganuzi wa kila umbo kilichokutana nalo ili kisirudie kazi, wazo jema kabisa kwa lugha yenye maumbo machache. Kwa Kiswahili, ambapo kitenzi kimoja huvishwa viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko, maumbo mapya hayakomi kuja, na ghala halikomi kujaa. Bila zile jozi tungeandika kwamba vitambuzi viwili vimethibitisha usalama wake. Kwa kuwa tulikwisha kuona kwa macho ni kimya gani wanakaa mbele ya orodha inayokua, tulijua kwamba kimya chao hakijibu swali letu.

Hapa sidai kwamba vitambuzi vilikosea. Vilijibu vyema swali lao, nalo ni kama kuna kipande kisicho na kadi. Swali letu lilikuwa kama kazi itafika mwisho wa kopasi. Kila chombo kina fasili yake ya kosa, na anayekitumia bila kuijua fasili hiyo anaazima maoni ya mtu mwingine na kuyaita matokeo.

Wanaisimu wa Congo wanapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Chukueni kisahihishi cha Kiswahili kilichojengwa juu ya Kiswahili sanifu na mkipe mazungumzo ya Lubumbashi. Kitapiga mstari mwekundu chini ya "katoto" na "tutoto", chini ya "batu", na chini ya upatanisho wa i- mahali kinapotarajia ki-. Je, msemaji amekosea? La. Kisahihishi kinatumia fasili ya kosa isiyo yake. Na kinyume chake kipo pia: kosa halisi la mnakili aliyesikia vibaya litapita bila kuguswa endapo neno aliloandika lipo katika kamusi. Kulaumu asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia ni makosa mawili tofauti, na kila ripoti ya chombo inapaswa kuyahesabu mbalimbali. Tunakubali haraka jambo hili tunapoonewa na kisahihishi. Tukubali pia tunapobembelezwa na kimya cha kitambuzi.

Nimesikia hoja tatu za kupinga. Ya kwanza inasema tutumie lugha kama Python ambazo hurudisha kumbukumbu zenyewe. Ni shauri zuri, lakini halimalizi tatizo. Python inayotumiwa na wengi wetu yenyewe imeandikwa kwa C, na maktaba zake nyingi za kazi nzito ni programu zilizokompailiwa. Zaidi ya hayo, ile orodha isiyopunguzwa itakua katika Python vilevile, maana kadi zake zote zipo. Hoja ya pili inasema tununue kumbukumbu zaidi. Anayeweza na anunue, ila mvujo hukua pamoja na kopasi: ukiongeza maradufu nafasi, umeongeza maradufu safari tu, hujaondoa shimo mwisho wa barabara. Hoja ya tatu ndiyo nzito: muda. Mwanafunzi ana miezi michache, umeme wa mgao, na mwalimu anayesubiri sura. Lakini jozi kumi za programu fupi huandikwa kwa siku mbili, na huandikwa mara moja. Wanaokuja nyuma watazikuta.

Walimu wetu, ninayoyaomba si makubwa. Kila kazi ya kumaliza masomo inayotegemea programu iwe na ukurasa mmoja wa majaribio. Ukurasa huo useme makosa mangapi yalipandwa, mangapi yalikamatwa, na visivyo makosa vingapi vilisingiziwa. Useme kilele cha kumbukumbu kwa maneno 1,000, 10,000 na 100,000, ili msomaji aone kama kinapanda. Useme maneno mangapi yaliingia na mangapi yalitoka, maana hesabu hiyo peke yake ingeliokoa jedwali la Bukavu nililolitaja. Na jaribio lifanywe kwa kopasi ndogo inayofika mwisho, kwa kuwa programu iliyouawa na mfumo haiachi ripoti ya mivujo. Vipindi viwili katika somo la mbinu za utafiti vinatosha kufundisha haya yote.

Wenzangu, katika Kifaransa cha chuo chetu neno moja, memwari, linataja kumbukumbu ya mashine na pia kazi tunayoitetea mbele ya jopo. Ya kwanza ikivuja, ya pili haiwezi kubaki nzima. Jopo litatuuliza mbinu, nasi tutataja jina la programu na toleo lake. Tujizoeze kuongeza sentensi moja zaidi: tulilipa chombo hiki makosa tuliyoyajua, na haya ndiyo kiliyoyaona. Mwanaisimu anayeweka nyota mbele ya sentensi mbovu hashindwi kuandika programu mbovu kwa makusudi. Aiandike, aisikilize, ndipo akiamini kimya kinachofuata.